Picha ya Mshtarii

Hyasinta aliiona picha ile asubuhi ya maonyesho ya sayansi, walipokuwa wakitundika mabango ukumbini hapo Karatu, na mate yakamjaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi.

Kwa miezi mitatu yeye na Parmuat, wote wa kidato cha tatu, walikuwa wakichunguza swali moja: yale mapazia ya mwanga wa kijani na mwekundu yanayocheza angani karibu na ncha za dunia, yaitwayo aurora, yanaweza kutokea kwenye sayari nyingine? Walisoma kwamba mwanga ule huzaliwa chembe za jua zinapogonga hewa, na kwamba usumaku wa sayari ndio unaozielekeza. Basi wakafinyanga sayari za udongo. Ndani ya Mshtarii walitia sumaku nzima iliyong'olewa kwenye spika mbovu, ndani ya Mirihi wakatia vipande tu, Zuhura wakaiacha tupu. Wakanyunyiza vumbi la chuma waliloomba kwa fundi wa mageti, wakachora lilivyojipanga, wakahitimisha kuwa Zuhura haiwezi kuwa na aurora.

Sasa juu ya michoro hiyo Mwalimu Bartolomeo, msimamizi wao, alikuwa amebandika picha ya Mshtarii yenye taji la buluu. Chini yake aliandika: Imepigwa na wanafunzi wetu kwa darubini ya shule.

Shule haikuwa na darubini. Na hata ingekuwa nayo, aurora ile ya Mshtarii ni ya mwanga wa urujuanimno, ambao macho hayauoni na hewa ya dunia huuzuia; buluu ile ni rangi iliyotiwa baadaye. Picha kama ile hupigwa kutoka anga za juu. Hyasinta alimweleza kwa adabu. Mwalimu, aliyekuwa akila chipsi kuku, alijibu kuwa majaji hawataki udongo, wanataka picha, kisha akalinyoosha bango kwa vidole vilevile vya mafuta. Alama ya dole gumba ikabaki juu ya Mirihi. Hyasinta aliitazama midomo yake iking'aa, akageuza uso.

"Wewe tabasamu tu," mwalimu alimwambia. "Nitaongea mimi."

Jaji wao, Bi Leonida, aliiinamia picha, akauliza nani aliipiga. Parmuat akainamisha kichwa.

"Hatukuipiga sisi, madam," Hyasinta alisema. "Imetolewa mtandaoni. Ya kwetu ni hiyo michoro."

Waliondolewa mashindanoni. Hata hivyo jaji alibaki kando na Parmuat kwa muda, akiigeuzageuza Zuhura ya udongo mkononi.

Jumatatu mkuu wa shule alitangaza mstarini kuwa kuna mwanafunzi ameivua shule nguo. Mwalimu Bartolomeo alisimama pembeni akitikisa kichwa kama mfiwa, na uso ule ulimtia Hyasinta kinyaa kuliko picha yenyewe. Hyasinta akapewa adhabu ya kusafisha vyoo wiki nzima.

Siku ya pili, Hyasinta akiwa amejifunga kitambaa puani, funza wakitambaa ukutani, Parmuat aliingia na ndoo na fagio. Hakuna aliyemtuma. Alisugua ukuta mmoja, kisha akakiri kwamba aibu ya kutosema lolote mbele ya jaji ilikuwa haijamtoka.

"Na kuna jambo jingine," akasema. "Yule mama jaji anasema Zuhura tumeikosea. Haina usumaku wake, lakini mwanga hafifu umewahi kuonekana huko."

Hyasinta aliacha kusugua. "Unatoka wapi, bila sumaku?"

"Hakuniambia. Alisema tukatafute."

Hyasinta alitema mate nje ya mlango, akamwambia amwage maji taratibu asimrushie uchafu, kisha akaanza kumuuliza Zuhura ina hewa ya namna gani.