Pakiti za Bi Dilys

Wanafunzi wenzake walikuwa watoto wa juzi. Kila Jumatano mchana, duka likifungwa kwa ajili ya chakula, Meinir Bebb aliingia chumba cha nyuma, akaiwasha kompyuta katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi, na nyuso kumi na nane zikajitokeza kwenye kioo. Walikuwa vijana wa hospitali kubwa za mijini, waliotaja majina ya dawa haraka haraka kama wanaogombana. Yeye alikuwa na miaka hamsini na minne, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameimaliza akitoa dawa katika mji uleule wa bondeni. Watu walimwita Meinir wa Dawa, kama walivyomwita mchinjaji Huw wa Nyama, na hakuna aliyeona haja ya yeye kuitwa kitu kingine.

"Profesa, leo umefundishwa nini?" mumewe Iolo alimuuliza kila Jumatano jioni, akivua viatu vyake vya tope mlangoni.

"Nimefundishwa kwamba mwanamume mwenye mikono miwili anaweza kujimiminia chai."

Ilikuwa shahada ya uzamili ya famasia ya kitabibu, miaka mitatu, yote kwa mtandao, na Meinir alikuwa mwaka wa pili. Hakuitafuta kwa sifa. Alikuwa amechoka kuhesabu vidonge na kubandika lebo. Alitaka kujua dawa ikishaingia ndani ya mtu inafanya nini humo, na siku moja awe na haki ya kumwambia daktari usoni: hapa umekosea.

Ili avuke mwaka ule alitakiwa kuandika visa kumi vya wagonjwa, na kila kisa kitiwe sahihi na msimamizi wake. Msimamizi alikuwa Daktari Emrys Vaughan, mganga wa mji, ambaye pia aliangalia wodi ya vitanda sita iliyo juu ya kilima. Vaughan alikuwa ametia sahihi visa tisa bila hata kuvaa miwani. Kilibaki kimoja, na jalada lilitakiwa chuoni mwisho wa mwezi.

Kisa cha kumi kilikuja chenyewe. Bi Dilys Pugh wa shamba la Tyddyn Du, mjane wa miaka themanini na minne, aliokotwa na mtu wa posta akiwa amelala sakafuni jikoni kwake. Alipelekwa wodini. Siku ya tatu akaanguka tena, kando ya kitanda, mbele ya nesi. Presha yake ilikuwa chini kiasi kwamba nesi alipima mara tatu akidhani mashine imeharibika.

"Moyo umechoka," Vaughan alisema. "Umri huo, unategemea nini? Alhamisi tunakaa na ofisa wa ustawi wa jamii. Itabidi aende nyumba ya wazee."

Nyumba ya wazee iliyokuwa na nafasi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Bi Dilys alizaliwa Tyddyn Du, akaolewa akabaki Tyddyn Du, na kondoo wake thelathini walikuwa wanakaribia kuzaa. Alipoambiwa, aligeukia ukutani, na tangu hapo hakusema na mtu.

Jumatatu Meinir alipanda wodini na daftari lake. Kwenye orodha alikuta dawa nne za presha, zote kwa kipimo cha juu kabisa. Kila moja aliijua; ni yeye aliyezitoa mwezi baada ya mwezi. Mhadhiri wao wa mtandaoni alikuwa amewaambia kwamba kabla ya kuuliza dawa inafanya nini, muulize mwenye tumbo kama imewahi kufika tumboni. Vijana walicheka. Meinir hakucheka, aliona aibu, kwa sababu kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

Akavuta kiti. "Bi Dilys, hivi vidonge vya presha, nyumbani ulikuwa unavimeza?"

Halafu bibi akageuka polepole, akautazama mlango.

"Emrys hayupo?"

"Hayupo."

"Kimoja nilikijaribu, mwaka ule wa kwanza. Kikanikojoza kutwa nzima. Mimi niko malishoni na kondoo, mwanangu, nichuchumae nyuma ya kila ukuta? Nikaviacha vyote."

"Lakini ulikuja kuvichukua kila mwezi!"

"Nisije kwa nini? Emrys anaandika kwa furaha vile, na wewe unafunga vizuri kwenye mfuko. Ningekataa ningewavunjia heshima." Akashusha sauti. "Ufunguo uko chini ya ndoo. Fungua kabati la sebuleni, lile la sahani za mama yangu. Ila usimwambie."

Meinir alikwenda alasiri ileile. Sahani za mama zilikuwa rafu ya juu, na chini yake, rafu tatu nzima, zilipangwa pakiti za dawa kwa adabu kama vitabu vya kanisa. Zilikuwa za miaka minne, na iliyofunguliwa ilikuwa moja tu. Kwenye kila lebo, ndani ya kile kiboksi cha mtu aliyekagua dawa kabla haijatoka, palikuwa na herufi mbili kwa mkono wake mwenyewe: M.B.

Alikaa chini kwenye zulia. Hesabu haikuhitaji shahada. Bibi hamezi, presha haishuki, daktari anaongeza. Bado hamezi, daktari anaongeza tena, mpaka dawa zikafika nne. Kisha majira ya baridi bibi alivunjika mkono, na Meinir, kwa huruma zake, akashauri apewe kisanduku cha wiki chenye vyumba vya asubuhi na jioni, na wahudumu waje nyumbani kumsimamia. Wahudumu walikuwa wasichana waaminifu, wakasimama mpaka kidonge cha mwisho kikapita kooni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Dilys alimeza kila kitu alichoandikiwa, na siku ya tisa akaanguka. Na wodini nako wakaendelea kumpa, kwa sababu ndivyo orodha ilivyosema. Ni wao wote, daktari na yeye mwenyewe, waliomwangusha, pamoja na wema wao.

Bibi alikuwa ameomba asimwambie daktari, lakini dawa zilikuwa bado zinamwingia; kesho yake asubuhi Meinir alimwaga mifuko miwili ya chakula cha kondoo juu ya meza ya Daktari Vaughan, na pakiti zikamwagika mpaka sakafuni.

"Ni nini hiki?"

"Dawa za presha za Bi Dilys, Daktari. Miaka minne."

Vaughan aliokota moja, akaitazama tarehe, akaokota nyingine. Hakuwa mjinga, na hakuwa mtu mbaya. Rangi ilimtoka. Alipanda kilimani saa ileile, akafuta dawa tatu, ya nne akaikata nusu. Jumatano asubuhi Bi Dilys alikuwa ameketi kitandani akilalamika kwamba chai ya wodini ni maji ya kuoshea vyombo.

Hapo Meinir angeweza kushukuru Mungu akaenda zake. Lakini nesi alimwonyesha barua ambayo daktari ameiandaa kwa ajili ya kikao cha Alhamisi. Iliandikwa: chanzo cha kuanguka hakijulikani, si salama mgonjwa kuishi peke yake.

Aliingia ofisini kwa Vaughan bila kubisha hodi.

"Hakijulikani, Daktari? Mimi na wewe hatukijui?"

"Dawa nimefuta. Mgonjwa anakula. Unataka nini tena, mama wewe?"

"Nataka kiandikwe. Kisipoandikwa wanampeleka kwenye nyumba ya wazee."

"Kikiandikwa, nani anaandikwa?" Vaughan alivua miwani. "Lebo zina herufi za nani? Kisanduku alishauri nani? Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wewe ndiye utakayeulizwa na chama chenu cha wafamasia. Sikiliza, Meinir. Nina mgonjwa, kijana mwenye pumu; andika kisa chake, kesho nakitia sahihi, unavuka mwaka. Ukiniletea hiki, sikigusi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Usinipigie methali ofisini kwangu."

"Basi nitakupigia kurasa nne."

Aliondoka. Wanaosema jasiri haogopi hawajawahi kuwa jasiri. Meinir aliogopa kupoteza leseni, na aliitaka ile shahada kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba kazi yake ni kuhesabu mpaka ishirini na nane, vidonge vya wiki nne. Alikasirika pia, hasa kwa kuwa yule mzee alisema kweli: herufi zilikuwa zake. Alirudi dukani, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga, akaketi mbele ya kompyuta. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Mimi ndiye niliyempa mgonjwa huyu dawa hizi kwa miaka minne bila kumuuliza swali hata moja."

Kabla ya kikao alimsomea Bi Dilys kurasa zote nne, na kumuuliza kama anaruhusu.

"Mmh. Na lile la kuchuchumaa umeliweka?"

"Nimeliweka."

"Liache hapohapo. Wajue."

Kikaoni ofisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye sauti ndogo na kalamu kubwa, alisoma barua ya daktari, kisha akasoma kurasa nne za Meinir, kisha akazirudia. Bi Dilys alikuwa amesimama dirishani kwa miguu yake mwenyewe, alikataa kiti.

"Daktari Vaughan," ofisa akasema, "haya ya mfamasia ni kweli?"

Vaughan alikunja barua yake.

"Ni kweli," akasema.

Jumamosi Bi Dilys alirudi Tyddyn Du. Jumapili kondoo wa kwanza alizaa mapacha.

Vaughan naye alitimiza ahadi yake: hakukigusa kisa. Wiki zikapita, jalada likaenda chuoni na pengo la sahihi, na Jumatano moja Meinir aliitwa mbele ya watahini wawili kwenye kioo.

"Kisa hiki ni bora kuliko vyote tulivyosoma mwaka huu," alisema mmoja wao. "Lakini sahihi ya msimamizi iko wapi?"

"Amekataa kuitia. Nimeandika hapo kwamba amekataa, na sababu yake."

"Kwa kanuni zetu, bila sahihi hatuwezi kukupitisha. Itabidi urudie somo hili zima Septemba. Labda ungechagua kisa kingine..."

"Nitarudia," Meinir akasema. "Na nitaleta hikihiki."

Chama cha wafamasia kilimwandikia onyo, akalitundika chumba cha nyuma juu ya kompyuta. Iolo alipolisoma aliguna, akaenda kumimina chai, vikombe viwili.

"Kwa hiyo profesa amefeli."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sukari moja."

Tangu hapo hakuna aliyechukua dawa kwa Meinir akatoka hivi hivi. Kila mmoja aliingizwa katika chumba kidogo cha pembeni mwa duka, mlango ukafungwa, akaulizwa swali lilelile. Wengine waliona ni umbea. Wengine walilia. Huw wa Nyama alikiri kwamba vya kwake anampa mbwa.

Daktari Vaughan kwa wiki kadhaa alikuwa akimtuma karani wake kuchukua dawa zake. Karani alipokwenda likizo, ikabidi aje mwenyewe. Foleni ilimpisha. Meinir alitoa mfuko wake rafuni, akautazama, akafungua mlango wa chumba kidogo.

"Hapa panatosha," Vaughan alisema, mkono ameunyoosha.

"Kwangu hapatoshi, Daktari. Karibu."

Akaingia. Meinir akafunga mlango, akaweka pakiti mezani katikati yao. Zilikuwa za presha na za moyo, aina tano.

"Unavimeza?"

Vaughan alitazama lebo, akasogeza pakiti mbili kando.

"Viwili," akasema. "Siku nikikumbuka."

Meinir akavuta kiti kwa mguu.

"Kaa," akamwambia, na daktari akakaa.