Nusu ya Wimbo

Tangu Januari nyumba yangu ilikuwa inasikia nusu ya wimbo. Binti yangu alikaa kwenye kinanda cha umeme, pale kati ya meza ya kulia na ubao wa kupigia pasi, akapiga noti nzito za chini, kisha akanyamaza mahali ambapo mwenzake angeingia. Alihesabu kwa kutikisa kichwa, akaendelea. Baba yake alisema ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu: majibu unayapata, maswali huyasikii.

Wimbo wenyewe ni wa watu wawili kwenye piano moja. Sehemu ya juu, yenye utamu wote, ilikuwa ya binti wa Jirani. Ndivyo nilivyomwita mama yake, kwa sababu mlango wake ulitazamana na wangu, na waume zetu waliletwa na kampuni moja kufunga mitambo huku ugenini. Watoto wakapelekwa shule moja, ile ya kimataifa ya Waingereza, ambayo masomo yakiisha haimwachi mtoto arudi nyumbani. Huyu yuko hoki, yule chesi, mwingine maigizo, na sisi akina mama tunasubiri.

Jumatano ilikuwa klabu ya muziki. Mimi na Jirani tulikaa kwenye ngazi nje ya chumba cha piano, tukashona vifungo vya mavazi ya maigizo na kuisengenya kamati ya wazazi, ambayo ilikuwa sisi wenyewe. Tulicheka mpaka mwalimu akaja kufunga dirisha. Pale getini niliongea Kiingereza cha kuchagua maneno. Kwa Jirani nilitukana kwa Kiswahili bila kufikiri.

Desemba mkataba wa mume wake ukaisha. Shule ina taratibu zake za kuaga: mtoto anapewa fulana iliyosainiwa na darasa zima, wazazi wanapewa kikombe chenye nembo, na kila anayeondoka anasema atarudi. Jirani naye akasema, kikombe mkononi.

"Tutakuja kwa tamasha la Juni. Nafasi ya mwanangu usimpe mtu, shoga yangu."

Nikamwambia haitaguswa. Waliokaa sana kwenye shule hizi huyasikia maneno hayo kila muhula, wakatabasamu tu. Mimi niliyachukua kama yalivyo. Ukiniambia utakuja, mimi natandika kitanda.

Februari mwalimu wa muziki alinisimamisha. Kuna msichana mgeni, watoto wanamwita Twiga kwa shingo yake, anasoma noti vizuri. Je, achukue sehemu ya juu? Nikamjibu nafasi ina mwenyewe. Aprili akarudi, sasa ana wasiwasi: bila mpigaji wa pili wimbo utaondolewa kwenye tamasha. Nikamjibu yaleyale, kwa maneno machache zaidi. Mume wangu alipopata habari alisema hata rubani hamsubiri abiria miezi sita. Nikamwambia ale anyamaze.

Kwa hiyo Mei nikampigia Jirani anipe tarehe ya safari. Meseji zake zilikuwa zimefupika, lakini nilijua ana shughuli za kuhamia. Alipokea akiwa kwenye kelele ya maji. Binti yake alikuwa anashindana kuogelea.

"Tamasha?" akauliza. "Tamasha lipi tena?"

Nikamwambia, la Juni. Akakumbuka, akacheka kicheko cha mtu aliyekutwa. Akasema mtoto piano aliacha zamani, siku hizi ni bwawani tu, lakini siku moja watakuja, lazima waje. Mtu akamwita pale kwa jina la utani nisilolijua, naye akaitika upesi. Tukaagana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa binti yangu. Sikuzunguka. Nikamwambia mwenzake haji, na piano ameacha. Nikasimama tayari kumpokea akianza kulia.

Hakulia. Akazima kinanda.

"Najua, mama. Aliniambia Februari."

"Na bado unapiga nusu?"

"Nyumbani napiga yangu. Shuleni, saa ya chakula, tunapiga yote na Twiga." Akanitazama kama anayempima mgonjwa homa. "Anayesubiri ni wewe. Sikutaka kukuumiza."

Nilikaa kwenye kiti cha nguo za kupigwa pasi, juu ya mashati. Yeye akaenda kunywa maji. Jioni hiyo nikamwandikia mwalimu kwamba nafasi iko wazi.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Twiga akakaa kulia kwa mwanangu, wakaanza. Katikati ya wimbo kuna mahali ambapo vidole vinapaswa kukimbia, na kila Jumatano binti wa Jirani alijikwaa hapo hapo. Jirani alikuwa akinishika goti kwa nguvu mpaka mtoto avuke. Twiga alipapita hata bila kupatazama. Goti langu lilikuwa limeshakaza, likisubiri mkono. Sijawahi kuusikia wimbo ule ukiwa mzuri kiasi hicho, na niliuchukia hadi noti ya mwisho. Kisha nikapiga makofi kwa nguvu, maana watoto walistahili. Mume wangu alikuwa bado anatafuta kamera kwenye simu. Nikamfokea.

Baadaye nilikuwa meza ya chai. Mwanamke mmoja akaja akaanza kupanga vikombe bila kuombwa. Shingo ile, sikuhitaji kuambiwa ni mama wa nani. Tangu Januari nilikuwa nampita getini kwa kutikisa kichwa tu.

"Nimekusikia ukimfokea mumeo," akasema, kwa Kiswahili. "Nikasema, afadhali. Nimepata mtu."

Nilitaka kucheka. Badala yake nikamuuliza mkataba wao ni wa muda gani.

"Miaka miwili. Wakituongeza, mitatu. Mbona?"

Nikamwonyesha sukari ilipo, nikamwambia ashike birika la upande ule, hili ni zito, na foleni ya watoto asiilegezee. Akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akasimama kando yangu.