Kipande cha Norman Raine

Tangu Novemba Norman Raine hakuonekana kwenye bustani ya mtaa, ambamo kila mtu hukodi kipande chake cha kulima. Kipande chake kilipakana na cha Hilary Tindle, mpishi mstaafu wa shule, na kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakilima huku wakitaniana juu ya uzio wa waya kuhusu liki zao, vile vitunguu vya majani marefu. Zaidi ya hapo hawakujuana. Hakuna aliyewahi kukanyaga kwa mwenzake.

Mwishoni mwa Februari, Clive, katibu wa bustani, alibandika tangazo langoni: Jumapili kamati itakagua, na kipande kilichotelekezwa atapewa mtu mwingine. Hilary aliyatazama magugu ya Norman. Hakumuuliza Clive lolote, asije akamkumbusha kipande hicho.

Kwake alishapogoa mtufaha, na viazi vya mbegu vilikuwa vikichipua dirishani kwenye trei za mayai. Basi akapenya kwenye mwanya wa uzio, akaingia kwa Norman. Siku nne alilima peke yake. Kila asubuhi ilibidi asubiri hadi saa tano udongo ulioganda ulegee. Aling'oa mizizi ya magugu, myeupe kama tambi, akasukuma toroli kumi na saba za samadi ya farasi, huku mvua baridi ikimwingia shingoni. Siku ya tatu alijikuta akimsema Norman kwa sauti, akanyamaza kwa haya, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Jumamosi mchana Norman akatokea na mkongojo. Binti yake alimsubiri garini.

"Nani kalima hapa?"

"Mimi. Kesho kamati inapita. Ulikuwa unaumwa?"

Norman akavua kofia. Nyonga ilimshinda, akaeleza, na Krismasi binti yake alimchukua akaishi naye Whitby, mji wa pwani. Kipande alishamrudishia Clive tangu Januari. Alifuata jembe lake tu.

"Ningekuambia, bibie. Namba yako sikuwa nayo."

"Naishi mtaa wa pili, Norman. Ungebisha hodi."

"Sikujua kama ungependa."

Hilary akafuta matope mikononi. "Liki zako zilikuwa nyembamba kama penseli," alisema.

"Zako ulizilisha kama nguruwe wa maonyesho ya mifugo."

Wakacheka kidogo. Honi ikalia. Hilary akambebea jembe hadi garini, wakapeana mikono, kwa mara ya kwanza.

Kesho yake Clive alileta mume na mke vijana waliopewa kipande kile. Mke akachota udongo kiganjani, akausifu, akauliza nani aliutunza hivyo.

"Bwana Raine," Hilary akajibu.

Wale vijana walimshukuru Hilary, wakasema wataanza Aprili, baridi ikipungua. Walipoondoka alipanda kwake mstari wa maharage mapana, yastahimiliyo baridi. Saa tisa kazi ilikwisha, na kwenda nyumbani hakutaka. Akaingia kwenye kibanda chake cha zana, akaanza kuosha vyungu vya miche ambavyo alishaviosha.