Shangazi Aingia Darasa la Kwanza

Mwaka 1968 Generoza alikuwa mwaka wa pili katika Shule ya Ualimu ya Ilelema, upande wa Kahama, na yaliyompata hayakuwa makosa yake. Makosa yalikuwa ya mkufunzi wake, Mwalimu Ansgar, mtu aliyeamini mambo mawili tu duniani: Kanisa Katoliki na vitu halisi.

"Mtoto wa darasa la kwanza hafundishwi kwa maneno!" alikuwa akisema huku akigonga meza. "Mpe kitu halisi. Akishike! Akinuse!"

Mwenzao mmoja, Onesmo, aliwahi kufundisha somo la ng'ombe kwa mchoro. Alichora ubaoni mpaka jasho likamtoka. Watoto walipoulizwa wanaona nini, mmoja akasema mbuzi, mwingine akasema kitanda. Ansgar alimpa sifuri, kisha akashinda siku nzima kama aliyefiwa.

Sasa mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Mwanza. Shule ile ilianza na vyumba viwili na wakufunzi watatu, na wizara ilitaka kuamua: ipandishwe iwe chuo kamili cha serikali, au ifungwe na wanafunzi wahamishiwe kwingine. Mkaguzi angeketi katika somo moja tu, kwenye shule ya mazoezi. Mwalimu wa somo hilo alichaguliwa Generoza. Somo lenyewe: Ng'ombe.

"Chora tu, mwenzangu," alimshauri Salvina, jirani yake wa bwenini.

"Kama Onesmo?"

"Onesmo alichora kitanda. Wewe chora ng'ombe."

Lakini Generoza hakutaka sifuri mbele ya mkaguzi. Alikwenda kwa Mzee Maduhu, mfugaji aliyepakana na shule, akamwamkia, akamweleza shida yake. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamfungulia jike moja jeupe, kubwa, lenye nundu iliyolala upande. Aliitwa Shangazi, kwa sababu alikuwa na namna ya kumtazama mtu kana kwamba ameshamsikia akisengenywa.

"Ni mpole?" Generoza aliuliza.

"Mpole mno. Ila anapenda chumvi."

Asubuhi ya ukaguzi Shangazi alipanda ngazi za darasa bila wasiwasi, akasimama karibu na ubao. Watoto walikuwa wamefundishwa adabu. Walipoambiwa jina la mgeni, wote wakasimama wakaamkia kwa pamoja:

"Shikamoo, Shangaziii!"

Sauti hiyo ilimkuta mkaguzi, Bwana Cornel, akiwa nje pamoja na mkuu wa shule, Mwalimu Donatus. Bwana Cornel alikuwa mnene, mwenye tai na upara unaong'aa.

"Wanamwamkia nani?" aliuliza.

Donatus hakujua. Generoza akatokea mlangoni.

"Ni Shangazi, bwana mkaguzi. Nimemwazima kwa jirani."

"Umeazima shangazi wa jirani?"

"Ndiyo. Jirani amenihakikishia kwamba hapigi mateke."

Bwana Cornel akamtazama Donatus. Donatus akatazama juu, kama anayetafuta dalili za mvua. Wakaingia.

Mkaguzi alipomwona Shangazi, alikaza tai, akaenda kuketi dawati la nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Ansgar alikuwa ameshasimama pale nyuma, macho yamejaa machozi ya furaha.

Somo lilianza vizuri. Watoto walihesabu miguu, wakagusa pembe, wakanusa. Lakini darasa lilikuwa na joto, na upara wa Bwana Cornel ukaanza kutoa jasho. Shangazi akageuza kichwa. Akatembea taratibu kati ya madawati, akafika nyuma, akatoa ulimi mrefu wa kijivu na kumlamba mkaguzi kuanzia kisogoni hadi kwenye paji la uso.

Donatus akafumba macho.

"Endelea na somo, mwalimu," alisema Bwana Cornel bila kutikisika. Ulimi ukarudi mara ya pili.

Generoza alijiona tayari yuko kwao Ushirombo, analima pamba. Akauliza kwa sauti nyembamba, "Watoto, ng'ombe ana faida gani?"

"Maziwa!"

"Nyama!"

"Mbolea!" Na hapo Shangazi, kama mwanafunzi msikivu, akaitoa.

Kitoto kimoja cha kike, Klara, kikanyoosha mkono juu kabisa. "Mwalimu, anaosha wageni!"

Bwana Cornel alijizuia. Alijizuia sana. Kisha akapasuka kwa kicheko, tumbo likagonga dawati, na darasa zima likafuata.

Balaa lilikuja wakati wa kutoka. Shangazi alifika mlangoni, akazitazama ngazi, akagoma. Onesmo aliitwa, akavuta kamba ya shingoni. Donatus alisukuma kutoka nyuma, mahali ambapo mtu mwenye cheo hapaswi kusimama, akajuta. Mwishowe akaitwa Mzee Maduhu.

"Kupanda anapanda," alisema mzee. "Kushuka anaogopa. Hata mimi ngazi zenu sizipendi. Kule nyuma ardhi iko sawa na sakafu. Toboeni ukuta."

"Kuvunja mali ya serikali?" Donatus alishtuka.

"Vunjeni," alisema Bwana Cornel. Akavua koti, akaomba sururu, akapiga pigo la kwanza mwenyewe. "Nitaandika kwamba darasa lilihitaji mlango wa pili."

Aliandika hivyo hivyo. Kwa Generoza aliandika kwamba somo lilieleweka, ila zana ilizidi mlango. Mwaka uliofuata Ilelema ikawa chuo cha serikali. Ansgar naye, siku ile ile ya ukaguzi, alitangaza kwamba katika somo linalofuata, la simba, picha itatosha.

Jioni ile Generoza alimrudisha Shangazi nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa amefaulu. Mzee Maduhu alikuwa zizini akimngoja.

"Amefaulu?"

"Amefaulu, baba."

Mzee akampigapiga ng'ombe wake mgongoni, ameridhika.

"Na wewe je?"