Nyumba Namba Ishirini na Tatu

Nilianza na nyumba namba moja, ingawa nilijua kwamba ninachokitafuta kiko namba ishirini na tatu.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Agosti, asubuhi ya kazi ya pamoja. Wanaume walikuwa ndani ya mifereji wakizoa tope, wanawake wakipaka uzio rangi nyekundu na nyeupe kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, na mezani, mbele ya ukumbi wa mtaa, palikuwa na birika la chai ya yasmini na sinia la tempe, vipande vya soya vilivyokaangwa. Mtaa wetu uko kando ya mto, hapa Yogyakarta. Una nyumba ishirini na tatu, na asubuhi ile wote walikuwa nje. Ndiyo sababu niliichagua. Aibu niliyokuwa nimeiandaa ilihitaji watazamaji.

Nilikunja karatasi mara nne, nikamkabidhi Pak Hargo, yaani Bwana Hargo, mwenyekiti wetu, kila mtu akiona. Ndani yake palikuwa na namba moja tu.

"Kila kifaa kinachoshika mtandao kimepewa namba kiwandani," niliwaambia. Sauti yangu ni ndogo, ikabidi waache majembe wanisikilize. "Hakuna viwili vyenye namba inayofanana. Hiyo aliyonayo Pak Hargo ni ya kifaa kinachotuzimia intaneti. Tutapita nyumba kwa nyumba. Kila mwenye nyumba atasoma ya kwake mwenyewe, kwa sauti. Mimi sitaisomea nyumba ya mtu."

Danang alikuwa ameegemea jembe lake, tope likiwa limemfika magotini, ufunguo wa ukumbi ukining'inia shingoni.

"Mwacheni atembee," alisema. "Tuone cherehani inavyotafuta intaneti."

Watu walicheka. Nami nilitabasamu. Nilikuwa nimengoja miezi mitano. Kicheko kimoja zaidi hakikunipunguzia kitu.

Mimi ni mshonaji. Miaka mitatu kabla ya asubuhi ile, mtaa ulikubali kutumia laini moja ya intaneti. Tukavuta nyaya juu ya mapaa kutoka ukumbini hadi kila nyumba, na pale ukumbini nikaweka kompyuta kuukuu iliyokuwa imetupwa na shule. Niliifanya seva, niliifanya na ruta: yenyewe ndiyo iliyozipa kompyuta za majirani anwani zao, na yenyewe ndiyo iliyozionyesha njia ya kutokea. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada na kamusi ya kuazima, nikasoma neno kwa neno huku pasi ikipata moto.

Kamusi ilikuwa ya Pak Wagiman wa namba ishirini na tatu. Mzee huyo alifanya kazi ya ishara katika stesheni ya reli kwa miaka thelathini na moja, na hata alipostaafu hakuna aliyewahi kumkuta hajui ni saa ngapi. Siku aliyonipa kamusi alinipa na daftari.

"Andika kila kitu, Nduk," aliniambia, akiniita kama watu wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Muda kwanza, halafu tukio. Usianze na tukio. Ukianza na tukio utaanza kusimulia, na ukianza kusimulia utaanza kulaumu."

Nililifuata neno lake kwa kila kitu. Kila nilipobadilisha mstari mmoja ndani ya seva niliandika muda, halafu nilichobadilisha. Daftari likajaa, nikafungua jingine.

Danang ndiye mwanawe wa pekee. Alisoma kompyuta Bandung, akarudi na kupata kazi katika hoteli moja mjini. Mwezi Machi alisimama kwenye mkutano wa mtaa, akasema si sawa mtandao wa nyumba ishirini na tatu kuwa mikononi mwa mtu asiye na cheti. Hakunitukana. Alizungumza kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Mbak Mur, umejitahidi," alisema, akiniita dada kwa adabu ya kwetu. "Lakini kompyuta si cherehani. Ikikwama huitii mafuta."

Kisha akanyoosha mkono. Nilivua ufunguo wa ukumbi, wenye kamba niliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya batiki, nikauweka kiganjani mwake. Angeweza kuutia mfukoni. Aliuvaa palepale, akaurekebisha ukae vizuri kifuani, watu wakampigia makofi. Jioni ile alibadilisha neno la siri la seva.

Hazikupita wiki mbili mtandao ukaanza kufa. Haukufa wote kwa mara moja. Leo ulikatika namba saba na namba kumi, kesho namba tatu, keshokutwa nyumba tisa pamoja. Danang aliibomoa seva na kuisimika upya mara tatu. Akiwa kazini mtandao ulipona, akirudi ukaanguka. Basi akawaambia watu kwamba kuna mtu anaingia ndani ya seva kwa siri, mtu anayeifahamu vizuri, tena anachagua anaowachukia.

Hakutaja jina, na hakuhitaji kulitaja. Bu Tumini wa namba kumi na nne alikuja kuchukua kitambaa cha harusi ya bintiye kabla sijakikata.

"Si kwamba naamini, Mur," alisema, akikikunja haraka. "Ila we mwenyewe unajua maneno ya watu. Sitaki yaingie kwenye nguo ya mtoto."

Baadaye akaja Pak Hargo. Alikunywa chai yote kabla ya kusema. Kama mtandao hautatulia kufikia sikukuu, waya wa nyumba yangu utakatwa.

"Si adhabu," alisema, akitazama ndala zake. "Ni ili tujue tu."

Nilimwelewa vizuri. Wakiukata waya, halafu mtandao ukatulia hata kwa wiki moja kwa bahati tu, mimi ni mharibifu mpaka naingia kaburini. Ningeendelea kuishi katika mtaa niliozaliwa, na hakuna ambaye angeniachia tena hata kitambaa cha leso.

Kwenye seva sikuweza kuingia. Lakini nilikuwa na kompyuta yangu nyumbani, na nilikuwa na daftari. Nilianza chini kabisa, kama kitabu kilivyonifundisha. Waya ni mzima. Taa ya kadi ya mtandao inawaka. Nikapiga ping, yaani nikabisha hodi, kwenye anwani ya seva, ikajibu. Hilo ndilo lililonikosesha raha: seva inajibu, na njia ya kutoka hakuna. Ilinichukua siku sita kujiuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza siku ya kwanza. Anayejibu ni nani?

Niliandika arp, amri fupi inayoonyesha ni kifaa gani hasa kimekaa kwenye anwani fulani. Anwani ilikuwa ya seva. Namba ya kiwandani haikuwa ya seva. Ya seva niliijua. Ndiyo mstari wa kwanza wa daftari langu. Kulikuwa na kifaa kingine mtaani kinachojiita seva. Kompyuta ya jirani ikiwaka huuliza njia iko wapi, na humwamini wa kwanza kujibu. Ikijibiwa na mgeni yule, inaelekezwa ukutani.

Sasa nilijua ni nini. Ni nani, nililetewa mlangoni. Pak Wagiman alikuja na suruali ya kupunguza, akasimama juu ya kigoda huku nikimpima.

"Danang kaniletea kisanduku, Nduk. Kinarusha intaneti hewani, nisikilize wayang, michezo ya vikaragosi, kibarazani bila waya. Ila mimi na radi hatuaminiani. Akitoka tu nakichomoa. Akirudi anakichomeka."

"Hutoka saa ngapi, Pak?"

Kumuuliza yeye swali hilo ni kumfurahisha. "Saa moja na dakika ishirini. Hurudi saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Jumapili yupo kutwa nzima."

Alipoondoka nilifungua daftari. Siku thelathini na nane za kukatika nilizoziandika, na hakuna hata moja iliyopishana na saa zake. Danang alikuwa amechomeka waya wa mtaa kwenye tundu lisilo lake. Badala ya kisanduku kupokea intaneti ya mtaa, kikawa kinaugawia mtaa mzima anwani zake. Ni kosa la mwanafunzi. Mimi mwenyewe nililifanya mwezi wangu wa kwanza.

Ningeweza kumfuata na kumnong'oneza. Ningeweza kumwambia baba yake, palepale juu ya kigoda, nikiwa na pini mdomoni. Nilimaliza pindo la suruali, na kila sindano iliposhuka niliuona ule mkono ulionyooshwa.

Basi nikaanza na namba moja.

Mwenye nyumba asiye na kisanduku nilimwandikia amri kwenye kompyuta yake, namba ikatokea, akaisoma mwenyewe. Pak Hargo aliinua pembe ya karatasi, akachungulia, akasema, "Siyo." Tukaenda ya pili. Kufikia ya sita mifereji ilikuwa mitupu na majembe yamelala njiani. Kufikia ya kumi kuna mtu alikuwa amebeba sinia la tempe, tunakula huku tunatembea. Mtandao ulikuwa umekufa tangu asubuhi, kwa kuwa Danang alikuwa nyumbani, na mimi peke yangu nilijua hivyo. Sijawahi kufurahia utaratibu kama siku ile. Siko haraka. Sionei mtu. Sikatizi njia.

Bu Tumini alitoka na kisanduku cha mkwewe, akakipindua kusoma kibandiko chini yake.

"Hii yangu ina namba na herufi," alisema. "Ndiyo nimefaulu au nimefeli?"

"Siyo," alisema Pak Hargo.

"Nimefaulu, basi. Mur, kitambaa nitakirudisha kesho."

Sikumtazama Bu Tumini. Nilikuwa namtazama Danang. Mpaka hapo alidhani ninawinda namba zilizo ndani ya kompyuta. Alikitazama kisanduku, akakitazama kibandiko, kisha macho yake yakaenda mwisho wa njia, nikaona midomo yake ikihesabu nyumba zilizobaki.

Alinikaribia tulipotoka namba kumi na sita.

"Mbak Mur." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa sauti ya chini. "Baba yuko peke yake, mguu unamsumbua. Niache nikakilete mimi hapa."

"Kila mwenye nyumba anasoma mwenyewe. Ulisikia, ukakubali."

"Nimeshaelewa. Nimekosea tundu. Nitasema mwenyewe, lakini si pale kwa mzee."

"Utasema tukifika."

"Mbak, nakuomba."

"Zimebaki saba," nilimwambia. "Nikiziruka utasema nachagua ninaowachukia."

Alirudi nyuma ya kundi. Angeweza kukiri palepale, katikati ya njia, na yote yangeishia hapo. Hakukiri, na mimi nilitegemea hivyo.

Pak Wagiman alikuwa ametuona dirishani tukija. Alikuwa amevaa kofia yake ya reli na ile suruali niliyoipunguza. Kila mwaka, kwenye bahati nasibu ya sikukuu, mzee huyu hukaa kiti cha mbele na kuponi ameishika kwa mikono miwili, Pak Hargo akisoma namba kwenye karatasi, na hajawahi kupata hata ndoo. Jambo hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Sikulikumbuka mpaka nilipokuwa nimesimama mlangoni mwake.

"Tusomee namba iliyo chini ya kisanduku, Pak," alisema Pak Hargo.

Aliomba miwani. Alikichomoa kisanduku kwanza, kwa uangalifu, akakipindua, akaanza kusoma kama alivyokuwa akiripoti treni kwa simu ya stesheni: jozi moja ya namba na herufi, kimya, anairudia, kisha jozi inayofuata. Jozi sita. Pak Hargo hakusema "Siyo." Aliifungua karatasi yote.

"Hebu rudia, Pak."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Nyuma yetu, katika nyumba ya jirani, kompyuta iliyokuwa imeachwa wazi ikaanza kupiga muziki wa redio yenyewe. Mtandao ulikuwa umerudi. Vichwa viligeuka kule, kisha vikamgeukia Danang, aliyekuwa uani, tope likimkaukia miguuni.

"Ndiyo," alisema Pak Hargo. "Ni hii."

Pak Wagiman alitutazama mmoja mmoja, kisha akaitazama karatasi mkononi mwa mwenyekiti. Uso wake ulifunguka taratibu.

"Kumbe ni sisi," alisema. "Danang, mwanangu, mwaka huu tumepata."

Hakuna aliyecheka. Bu Tumini aliliweka sinia chini. Danang alikuja hadi nilipo, akauvua ufunguo, akauweka kiganjani mwangu mbele yao wote. Ulikuwa na joto, na ile kamba ya batiki ilinuka jasho lake. Ndivyo nilivyokuwa nimeota kwa miezi mitano, hadi tope la vidoleni. Nikauvaa palepale.

Mzee alikuwa bado amekishika kisanduku kwa mikono miwili.

"Umeandika muda, Nduk?"

Nikafungua daftari. Aliitazama saa yake, akanitajia, nami nikaandika: saa nne na dakika kumi na mbili.

"Halafu tukio," alinikumbusha.

Daftari hilo bado ninalo. Mstari ule una muda tu.