Shangazi na Safu ya Kanzu

Mwaka 2009 nilikuwa chuo kikuu hapa Stockholm, naandika tasnifu juu ya washairi wa mapenzi wa Italia ya miaka mia tano iliyopita. Wao walishikilia kwamba pendo huingia kwa macho, na kwamba kuona ndiko kujua. Nilimsomea Shangazi Noeline sura nzima jikoni kwetu Rinkeby. Yeye presha ya macho ilishampofusha.

"Hao hawakuwa na shangazi," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Nilicheka, ila moyoni nilikuwa na hofu, maana utambulisho wangu na Erisa ulikuwa umekaribia. Kwetu Waganda, siku ya utambulisho shangazi ndiye anayemtambua bwana harusi katikati ya wanaume waliovaa sawasawa, akambandika ua kifuani, na bwana harusi haruhusiwi kufungua kinywa. Baba mdogo Solomon alishakata shauri: Noeline akikosea, binamu yake Paskalia atashika nafasi. Nilikasirika mno. Mwanamke aliyenilea tangu nina miaka sita aondolewe mbele za watu kama kiti kibovu!

"Nitamwambia Erisa akohoe," nikamnong'oneza.

"Thubutu! Ukifanya hivyo, siji."

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa mtaa wa Fittja. Wanaume tisa, wengi wao Warundi rafiki zake Erisa, walikaa kimya ndani ya kanzu za kuazima. Solomon aliniruhusu nimshike Shangazi mkono, lakini akaonya kila mtu akisikia: "Clementina, usimvute, usimbinye, usiseme neno. Tunakutazama."

Basi nikajikaza kama ubao. Tulipita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbele ya kila mmoja Shangazi alisimama kidogo. Erisa alikuwa wa sita. Nilifumba macho nisimtazame, nikatembea kwa mwendo uleule. Tukampita. Tukafika mwisho wa safu, na ua bado liko mkononi mwa Shangazi. Watu wakaanza kuguna. Paskalia akainuka. Nilitamani kulia.

"Turudi," Shangazi akasema.

Wa tisa, wa nane, wa saba. Mbele ya Erisa akasimama, akapapasa kifua chake, akambandika ua. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na machozi yakanitoka kweli.

Solomon akaja mbio. "Amekubinya?"

"Hata kidogo. Mtoto wangu ni mwaminifu kupita kiasi," Shangazi akasema. "Mbele ya wale wanane alikuwa anapumua. Kwa huyu, mara zote mbili, ameacha."