Fomu Tisa za Ruhusa

Fundi wa kompyuta alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: zima, washa. Aliitoa kwa simu, miguu juu ya meza, na kwa kuwa wagonjwa wengi walipona, kichwa kilimvimba.

Jumatatu asubuhi alibadilisha nywila ya mtandao wa ofisi. Alipita kompyuta moja moja akiingiza ile mpya, kisha akarudi kukaa. Printa ya masjala, ile isiyotumia waya, aliisahau kabisa.

Saa nne karani wa masjala akampigia.

"Mdogo wangu, printa haitoi kitu. Nina fomu yangu ya ruhusa hapa. Mama amelazwa, hali yake mbaya, nataka niwahi basi la leo."

"Zima, washa, dada."

"Nimeshazima mara mbili."

"Basi nakuja."

Hakwenda. Ni ngazi ya ghorofa moja tu, lakini mvivu hakosi sababu: huyu dada hajui kubonyeza, huyu dada ana papara. Na meneja, ofisi nzima ilijua, hasaini ila fomu iliyotoka kwenye mfumo, tena iwe karatasi mkononi. Anayeondoka bila saini, akirudi hukuta kiti chake kina mtu mwingine. Karani akabaki anabonyeza.

Jumanne alipiga tena mara tatu. "Nakuja, dada."

Fundi alishuka Jumatano. Kabla hata hajagusa printa, aliona taa ya mtandao inapepesa, akakumbuka. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akaingiza nywila mpya, kazi ya dakika mbili. Printa ikaguna, ikaanza kutema fomu zilizokuwa zinasubiri, tisa zote za mtu mmoja. Sababu ya ruhusa: kumuuguza mama.

"Tayari, dada."

Karani hakuziokota. Alikuwa na simu sikioni, akimwitikia kaka yake kwa sauti ndogo. Alipoiweka chini alisema tu, "Mama ametutoka alfajiri."

Fundi alijuta. Alitamani atukanwe, apigwe hata na kiti, ingekuwa nafuu.

Karani alivuta kibodi. Akafuta "kumuuguza", akaandika "kumzika", akabonyeza. Karatasi ikatoka papo hapo.

"Asante, mdogo wangu," alisema, akiichukua kuipeleka kwa meneja. "Sasa inafanya kazi vizuri."